Desturi mpya za Krismasi nyumbani: zipi zimeshika, zipi zimekufa? Tupeane uzoefu, watu wa Malindi

Mvinje wa Barani (mleta mada)

Salaam kwenu nyote, wa mjini na wa mashambani. Naomba tukae kitako tuzungumze jambo lililonikaa moyoni tangu Krismasi iliyopita.

Mimi nimelelewa upande wa Marafa. Krismasi yetu ilikuwa nguo mpya, kanisa, wali wa nazi na kuku. Nguo zilishonwa na fundi wa sokoni, kitambaa kimoja kwa watoto wote ili kisibaki kipande. Kuku alikuwa yule ambaye hawe, yaani bibi yetu, alimwekea macho tangu Oktoba. Wazee walikaa chini ya mwembe na mirija yao ya pombe ya mnazi, sisi tukizunguka na maembe mikononi mpaka giza. Hakuna aliyekaa kupanga hayo. Yalikuwepo tu, kama embe linavyokuwepo Desemba.

Sasa mimi ni mama wa watoto watatu, na kila Krismasi tunakuwa watu kumi na mmoja hapa nyumbani, pamoja na wakwe zangu. Mwaka jana binti yangu mkubwa aliona kwenye simu familia za mbali zimevaa nguo za kulalia za sare mbele ya mti, mpaka mtoto mchanga. Akaniomba na sisi tufanye. Nilikubali kwa sababu aliniomba kwa adabu, na kwa sababu nami nilitaka. Nguo nzito hazivaliki kwetu na joto hili la kaskazi, basi tukachukua fulana nyekundu, tukachapisha jina la ukoo mgongoni. Fulana kumi na moja, 700 kila moja pamoja na kuchapa. Jumla 7,700.

Tulipiga picha dakika kumi. Baba mkwe aliivaa yake, akapigwa picha, akaivua, akaikunja vizuri na kunirudishia. Akasema, "Ahsante mwanangu, mwekee mwenye kuihitaji." Hakusema kwa ubaya. Lakini Januari nilipokuwa nahangaika na karo, zile 7,700 zilinijia kila nilipolaza kichwa.

Na usiku huohuo wa tarehe 24, saa mbili hivi, stima zilipotea. Mti wetu, tawi la mvinje kama ilivyo kwa wengi wetu, ukawa kivuli tu. Ndani hakukaliki, tukatoa mikeka nje. Baba mkwe akaanza kuwaeleza watoto jinsi walivyokuwa wakienda mkesha kwa miguu, wanaimba njiani, wanamulika kwa mienge ya makuti. Watoto wakataka kuona mwenge unavyofungwa. Akafunga mmoja, akauwasha, akawafundisha na wimbo. Mwanangu wa mwisho ana miaka saba. Tangu siku hiyo ameniuliza mara nyingi kama stima zitapotea tena Krismasi.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati. Nyinyi mliojaribu kuanzisha jambo jipya nyumbani, lilishika? Au mwisho wake ulikuwa hasara? Nataka kujua kabla Desemba haijafika.

Doti Kamili

Mvinje, pole kwa hizo 7,700. Nakuletea ya kwetu, ambayo ina miaka tisa na haijachoka.

Kwetu tuko wanawake kumi: mama, mama wadogo wawili, dada zangu, mawifi na mabinti waliokwisha kukua. Zamani kila mmoja alimnunulia kila mtu kitu kidogo. Vikombe, mafuta ya kujipaka, vitana. Ikifika Februari hujui kipi kilitoka kwa nani. Mama akasema basi, tununue leso.

Mnajua leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Tunachanga doti tano za majina mbalimbali. Tarehe 24 alasiri tunazikata, tunazipinda pindo, tunatia vipande vyote kumi ndani ya kikapu kilichofunikwa. Kila mmoja anatia mkono bila kutazama. Uliyelingana naye jina la leso ndiye somo wako mpaka Krismasi nyingine.

Usomo huo una kazi yake. Somo wako akiugua, wewe ndiye wa kwanza kufika. Akijifungua, wewe ndiye wa kumpikia uji. Akinyamaza siku tatu, wewe ndiye wa kuuliza. Kuna mwaka nilitoka na wifi yangu, ambaye tangu aolewe kwetu hatukuwahi kuvuka salamu. Leso yetu iliandikwa *Mso hili ana lile*. Tulitazamana, mimi nikajua alichofikiri na yeye akajua nilichofikiri. Mwezi wa Mei mimba yake ikaharibika, kaka yangu akiwa baharini siku ya tatu. Simu ya kwanza aliyopiga usiku ule ilikuwa yangu. Nilikwenda Watamu kwa tuktuk saa sita za usiku, nimejifunga ile leso, nikamkuta amejifunga yake. Sasa ni mtu wangu. Hata jina la leso likibadilika, yeye ni mtu wangu.

Gharama: mwaka jana kila mmoja alitoa 350. Na zawadi nyingine zote, za watoto na za wazee, hufungwa ndani ya leso badala ya karatasi za kung'aa zinazotupwa kabla ya chai.

Jirani wa Shella

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu na Krismasi si sikukuu yangu, lakini mada hii inanihusu kwa upande wa ua. Nyumba yetu hapa Shella, hii ya Malindi si ile ya Lamu, imepakana ukuta kwa ukuta na familia ya Kigiriama.

Nilipokuwa mdogo, kila tarehe 25 sinia ya pilau ililetwa kwetu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kesho yake akairudisha imejaa kaimati, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ile pilau hatukuila. Nyama haikuchinjwa kwa njia yetu. Mama aliwapelekea watu wengine kimya kimya, na miaka ikapita hivyo kwa heshima ya pande zote mbili.

Siku moja mtoto wao, rafiki yangu mpaka leo, akaona sinia inavyotoka kwa mlango wa nyuma. Akamwambia mama yake. Jioni yule mama akaja, akakaa na mama yangu barazani, akamwambia, "Dada, miaka yote hii umeninyima nafasi ya kukulisha." Mama alilia. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia mbele ya mgeni.

Krismasi iliyofuata, baada ya swala ya alfajiri, tulisikia hodi. Ni baba wa nyumba ile, ameshika kamba ya mbuzi. Alimwomba baba yangu amchinjie. Tangu siku hiyo hakuna mwaka uliopita bila baba kuvuka ua na kisu chake. Alipofariki nilidhani jambo hilo limekwisha. Desemba ilipofika, alfajiri, nikasikia mbuzi analia mlangoni. Nilichinja kwa kisu cha marehemu. Mkono ulitetemeka, lakini nilichinja.

Wao nao wameongeza jambo lao bila mimi kuwaomba: pombe ya mnazi haiingii uani mpaka sisi tumekwisha kula na kuaga. Na siku ya Idd watoto wao ndio wa kwanza kuja kudai sikukuu.

Wapo wanaoniambia nimeingilia yasiyonihusu. Mimi naiona ni haki ya jirani, basi.

Mvinje wa Barani

Jirani wa Shella, nimesoma nikaacha kufua. Wallahi nimekaa tu na maji yangu kwenye karai. Huyo mama bado yupo?

Jirani wa Shella

Yupo, alhamdulillahi. Haoni vizuri, lakini kila Krismasi huuliza kama sinia yetu imekwenda, na hataki kuonja mpaka aambiwe imefika.

Mpishi wa Casuarina

Mimi nimepika katika nyumba za Wataliano barabara ya Casuarina miaka kumi na minne. Nataka niwaambie jambo ambalo watu wa ofisini hawalijui: kwetu sisi wa hoteli na majumba ya wageni, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kuliko siku zote. Usiku wa 24 wenye nyumba hawali nyama, wanakula samaki na kamba, na mpishi hatoki jikoni kabla ya saa saba. Kesho yake wanakula tena mchana kutwa. Kwa miaka mingi watoto wangu walikuwa wakienda kanisani na mama yao, wakila, wakilala, mimi bado nimeinama kwenye sinki la watu. Nilikuwa baba wa Krismasi ya kuhadithiwa.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Akasema Krismasi ya nyumba hii ni tarehe 26. Kanisani wataenda 25 kama kawaida, lakini sufuria kubwa haipandi jikoni mpaka baba arudi. Wakwe zangu walisema ni vibaya, kwamba unawahamishia watoto siku ya Bwana. Tulivumilia maneno hayo miaka miwili. Sasa shemeji zangu wawili, mmoja mlinzi wa usiku, mwingine anaendesha boti ya watalii, wameleta familia zao kwenye tarehe 26 yetu. Tumekuwa watu zaidi ya ishirini.

Kuna na mkate. Wataliano wana mkate wao wa Krismasi, panettone, asili yake Milano, mrefu kama kofia, umeumuliwa polepole mpaka ndani umekuwa nyuzinyuzi, una zabibu kavu na maganda ya machungwa yaliyotiwa sukari. Kila mwaka mama mwenye nyumba alinipa mmoja ndani ya boksi lake. Mara ya kwanza watoto walitoa zabibu moja moja wakaziweka kando ya sahani. Mwaka wa tatu wakawa wanagombea. Tunaukata tarehe 26 asubuhi na chai ya tangawizi, mkubwa wa nyumba anakata, mdogo wa nyumba anagawa.

Halafu ukaja mwaka ambao wenye nyumba hawakuja. Nyumba ilifungwa, mshahara ukawa nusu, mkate hakuna. Mtoto wangu wa tatu aliuliza, "Baba, basi hatuna Krismasi?" Swali hilo liliniumiza, kwa sababu niliona nimewajengea watoto sikukuu juu ya mkono wa mtu mwingine. Mama yao hakusema kitu. Alipiga mayai, akatia iliki, akatia zabibu za sokoni na maganda ya machungwa aliyoyachemsha kwa sukari, akaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate wa mayai, huuhuu wetu. Ulichomoka mfupi na mpana. Nilimpa mdogo agawe.

Siku hizi wenye nyumba wamerudi na boksi nalipewa, lakini watoto wanauita ule wa mama "wenyewe" na ule wa boksi "wa wageni".

Jambo moja nimelichukua kwao na sijutii: lile pango la kuzaliwa Yesu. Kwao kila nyumba inalipanga. Inasimuliwa kuwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyeanza, mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, kwa hori na ng'ombe na punda wa kweli. Watoto wangu wameliunda la kwao kwa udongo wa mto Sabaki. Zizi limeezekwa makuti. Mamajusi hawana ngamia, wanafika kwa dau.

Boda wa Maweni

Mimi nitasema upande wa pili, na nawaomba mnisikilize.

Kwetu desturi mpya ilikuwa grupu la simu la familia na mchango wa Krismasi. Kila kaya 2,000 kwa M-Pesa kabla ya tarehe 15. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, tukala ng'ombe mzima. Mwaka wa pili mweka hazina akaanza kubandika orodha kila jioni: aliyetoa, alama; asiyetoa, nafasi tupu. Ndugu yangu mdogo alikuwa amepoteza kibarua cha mjengo mwezi wa Oktoba. Hakumwambia mtu. Jina lake lilikaa tupu kwenye orodha ile siku tisa, watu arobaini na kitu wakilitazama. Krismasi hakuja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Alikula siku ile peke yake chumbani Mtwapa, mkate na soda, na alikuwa na nauli ya kuja nyumbani.

Mama yetu hakula pia. Alikuwa akitazama njia.

Kwa hiyo mtu akinambia "desturi mpya", mimi nauliza kwanza: asiye na kitu ataingilia mlango gani? Zamani ulikuja na ulichonacho. Huyu nazi sita, huyu mzigo wa kuni, huyu mikono yake ya kukuna na kusonga. Hakuna aliyebandika.

Orodha imekufa, nashukuru. Mwaka jana mama mwenyewe alipiga simu kwa kila mtoto wake, mmoja mmoja, akamwomba kitu kimoja anachojua anacho. Mdogo wangu aliombwa aje siku moja kabla aangue madafu, kwa sababu hakuna mwingine kwetu anayeupanda mnazi siku hizi. Alikuja siku mbili kabla.

Mwalimu wa Muyeye

Boda, swali lako nimeliandika pembeni. Nitaongea kifupi juu ya kalenda ya siku 24, kwa sababu najua wengi mnaiona madukani.

Asili yake ni Ujerumani, karne ya 19, Waprotestanti waliokuwa wakichora mistari ya chaki mlangoni na kufuta mmoja kila siku mpaka Krismasi. Chokoleti zilikuja baadaye. Mimi niliinunua ile ya chokoleti mara moja. Na joto letu la Desemba, kufikia tarehe 6 chokoleti zilikuwa uji, na sisimizi walikuwa wamezifungua siku zote zilizobaki.

Mwaka uliofuata nilikusanya viberiti 24 vitupu. Watoto wakavibandika kwenye ubao, wakavipaka rangi, wakaandika nambari. Ndani ya kila kimoja nilitia karatasi yenye kazi moja. "Mchotee bibi maji kabla hajaomba." "Mwambie ndugu yako jambo moja zuri alilofanya wiki hii." "Nenda kwa mama wa mahamri umsaidie kubeba meza." Siku nyingine mabuyu mawili tu, hakuna kazi. Likizo ya Desemba ni ndefu na watoto wanachoka kukaa. Kibiriti cha asubuhi kinawapa pa kuanzia.

Huu utakuwa mwaka wa tano. Siandiki karatasi tena, wananiandikia wao. Mwaka jana nilifungua cha tarehe 17 nikakuta, "Mama, leo usisahihishe madaftari ya watu."

Dada wa Kisumu Ndogo

Yetu ilianza na 2020. Mnakumbuka kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Mkesha kanisani kwetu ulihamishwa ukawa jioni, watu wamekaa mbalimbali, barakoa usoni, hata kuimba kulikuwa kwa woga. Na dada yangu mkubwa alikuwa Ghuba, kazi za nyumbani, mwaka wa pili hajarudi.

Alituomba tumpigie saa moja ya usiku. Tukaiweka simu juu ya mto, pale mkekani anapokaa siku zote, kulia kwa mama. Mama akampakulia sahani. Nilimwambia mama, atakula nani? Akasema, "Pakua." Dada akasoma Luka sura ya pili, ile ya kuhesabiwa watu na ya wachungaji, akiwa amejifungia bafuni kwa mwajiri wake ili asisikike. Sauti ilikuwa inakatika. Alipofika "kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni" alinyamaza muda mrefu, tukadhani mtandao umepotea. Haukuwa mtandao.

Alisoma hivyo Krismasi tatu. Ile ya nne alirudi. Tulidhani sasa tutakula tu kama zamani, lakini saa moja ilipofika alisimama mwenyewe akachukua Biblia, akaketi pale kulia kwa mama, akasoma sura nzima bila kukatika. Mama alimshika mguu muda wote aliokuwa akisoma.

Mwaka jana yupo binamu yetu Qatar. Mto umetolewa tena. Sahani imepakuliwa, na baada ya kusoma anakula mtoto yeyote aliye mdogo kuliko wote.

Babu wa Nguzo

Wanangu, shikamooni zenu nazipokea kabla hamjazitoa.

Mimi nimefanya kazi ya kutembeza wageni hapa mjini maisha yangu yote. Wajukuu wangu wanaishi Nairobi na huja kila Desemba. Zamani tarehe 25 jioni waliomba pwani tu, na pwani ya Krismasi mnaijua, huwezi kuona mchanga kwa watu. Siku moja niliwaambia, kabla ya bahari tupite mahali.

Nikawapeleka kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti. Nikawaambia hapa alipita mmisionari Fransisko Xaveri mwaka 1542, akielekea India. Kisha tukatembea mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule nahodha wa Kireno. Nikawaeleza kuwa Krismasi ya mwaka 1497 meli za Vasco da Gama zilikuwa zikipita pwani ya kusini-mashariki ya Afrika, na nchi ile wakaiita Natal, ambalo ndilo neno lao la Krismasi. Aprili 1498 wakafika hapa kwetu, Sultani wa Malindi akawapokea na kuwapa rubani wa kuwavusha mpaka India. Mjukuu wangu wa miaka tisa akauliza, "Babu, walikuwa watu wazuri?"

Kwa wageni wa kazini nilikuwa na jibu fupi. Kwa damu yangu sikuweza. Nikamwambia ukweli, kwamba mwaka 1505 Wareno hao hao waliichoma Mombasa. Tulikaa pale mpaka jua likazama, wakiuliza na mimi nikijibu. Hawakuomba kuogelea siku ile.

Sasa ni safari ya kila mwaka, na wao ndio wameongeza kituo cha pili: tunapita kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewasimamisha Wagiriama mwaka 1913 kuwakatalia Waingereza. Mwaka jana yule wa miaka tisa, sasa ana kumi na mbili, ndiye aliyewasimulia wadogo zake. Alikosea mahali pawili. Nilimwacha amalize.

Mvinje wa Barani

Nimesoma yote kwa sauti, usiku, mume wangu akisikiliza. Tumezungumza mpaka saa tano.

Fulana sizirudii, na sitamlaumu binti yangu kwa zile za mwaka jana. Alikuwa anatafuta kitu cha kuwa chetu sote, na hilo ni jema. Nilimwonyesha aliyoandika Doti Kamili. Ameniuliza kama anaweza kuingia kwenye kikapu cha leso na shangazi zake ingawa hajafika umri. Nimemwambia ataingia. Boda wa Maweni, nawe nimekusikia: kwa leso kila mmoja atatoa alichonacho, na nitakayejua hana nitamtolea kabla hajaulizwa, asijue yeyote.

Kuhusu stima, nimemwambia mwanangu tusingoje zipotee. Tarehe 24, saa mbili kamili, yeye mwenyewe atapanda kwenye stuli azime swichi kuu.

Jirani wa Shella

Dada Mvinje, hilo la mwenge lifanyeni mbali na nyumba, tafadhali. Kaskazi ikivuma, cheche moja inatosha kwa paa la makuti, na majirani zako wengi wameezeka makuti. Wekeni ndoo za mchanga karibu.

Mvinje wa Barani

Ahsante jirani, baba mkwe kasema neno hilo hilo. Tutakwenda kule kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule, na mchanga tutabeba.

Nilimpigia leo asubuhi kumwomba ruhusa, kwa sababu jambo ni lake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza watoto watakuwa wangapi. Nikamwambia saba. Jioni mama mkwe akanipigia, ananiuliza nimemwambia nini mzee wake, maana tangu mchana yuko nyuma ya nyumba anachagua makuti makavu, anayapanga mafungu saba, na bado ni Oktoba.